Kishamba mjini si ushamba

Ndugu msikilizaji, katika lugha yetu mtu akitaka kumdharau mwenzake bila kumtukana waziwazi humwita mshamba. Neno lenyewe limetoka shambani, mahali panapotoka unga, maharage na mchicha anaokula huyo huyo anayedharau, lakini hilo halimshughulishi. Mjini ni mjini, na jembe lina kwao. Juma hili nataka kuzungumza habari za watu ambao walipohamia mjini walikataa kuliacha jembe, wakalipigania mpaka likaingia katika sheria za nchi yao. Watu hao ni Waingereza, wale wale ambao shuleni tulifundishwa kuwa ni taifa la viwanda, meli na chai ya saa kumi.

Ukipita kwa treni katika miji ya Uingereza, kandokando ya reli utaona vibanda vya mbao chakavu na mabati, mapipa ya kukingia maji ya mvua, na fito zilizosimikwa kwa ajili ya maharage ya kutambaa. Mgeni kutoka kwetu hudhani kuwa ni makazi ya watu waliovamia kiwanja. Sivyo. Hivyo ni vishamba vya kukodi. Kila kimoja kina mwenyewe, ambaye huenda ni dereva wa basi, mwalimu, muuguzi au mzee mstaafu, naye hulipa kodi ndogo kwa mwaka, mara nyingi kwa halmashauri ya mji. Kipimo cha kawaida, ambacho hawajakiacha tangu enzi za babu zao, ni rodi kumi, yaani mita za mraba 250 hivi. Ni zaidi kidogo ya nusu ya kiwanja cha netiboli. Haruhusiwi kujenga nyumba pale wala kuishi. Kazi ya pale ni kulima tu.

Vishamba hivyo havikutokana na ukarimu. Vilitokana na ardhi iliyochukuliwa. Zamani mwanakijiji wa Kiingereza, hata kama hakuwa na shamba lake, alikuwa na haki ya kulisha ng'ombe wake na kuokota kuni katika ardhi ya pamoja. Kisha wenye mali wakaanza kuizungushia ardhi hiyo ua. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lao lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kazi hiyo, zikagusa eka milioni 6.8, ambazo ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya Uingereza yenyewe, ukiacha Wales na Skotilandi. Ukiwauliza wabunge hao ni nani aliyekuwa akimiliki mashamba makubwa, wengi wao wangejitazama wenyewe.

Kulikuwa na waliopinga. Mwaka 1649, miezi michache baada ya mfalme wao kukatwa kichwa, mtu mmoja aitwaye Gerrard Winstanley na wenzake walipanda kilima cha St George's Hill katika jimbo la Surrey, wakaanza kulima ardhi ya pamoja na kupanda karoti na maharage, wakisema ardhi ni hazina ya watu wote. Wenye mali wa jirani waliwapiga, wakawashitaki, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wameondolewa kilimani pale.

Mchungaji mmoja alikuwa na njia ya upole zaidi. Stephen Demainbray, wa kijiji cha Great Somerford huko Wiltshire, alikuwa pia kasisi wa Mfalme George wa Tatu. Ardhi ya kijiji chake ilipokuwa ikigawanywa, aliomba kwa mfalme kwamba eka chache zitengwe milele kwa ajili ya maskini wa parokia. Bustani hizo zilianzishwa mwaka 1809, na wanakijiji wanajivunia kuwa ndizo kongwe kuliko zote.

Wenye mashamba wengine walikuja kuamka baadaye kwa sababu ya woga. Mwaka 1830 vibarua wa kusini mwa Uingereza, wenye njaa na hasira, walivunja mashine za kupura nafaka na kuchoma mazizi na maghala. Baada ya ghasia hizo ikaonekana ni busara kumpa kibarua kipande cha udongo ili awe na kitu cha kuogopa kukipoteza. Masharti yalikuwa makali: ole wake aonekane na jembe siku ya Jumapili, ole wake akutwe amelewa. Hata hivyo wakulima wakubwa walinung'unika. Walisema kibarua ataweka akiba nguvu zake kwa ajili ya kishamba chake jioni, na mbegu atawaibia wao. Naona katika manung'uniko hayo wametuachia ushahidi mzuri, maana walikuwa wameona kwa macho yao kwamba mtu yule yule aliyejivuta mchana kutwa katika shamba la bwana alipata nguvu za ajabu alipofika katika lake.

Kufikia miaka ya 1880 jambo hili lilikuwa siasa kubwa. Jesse Collings, aliyewahi kuwa meya wa Birmingham, alizunguka na kaulimbiu ya eka tatu na ng'ombe kwa kila mfanyakazi. Waliomcheka walikuwa wengi, lakini Januari 1886 hoja yake Bungeni kuhusu vishamba ndiyo iliyoiangusha serikali ya Lord Salisbury. Mwaka uliofuata, 1887, sheria ya kwanza ya kuzitaka mamlaka za mitaa zitoe vishamba ikapita, na mwaka 1908 ikaja sheria kubwa ambayo misingi yake ingali inatumika. Ndani yake mna kifungu ninachokipenda: wapiga kura sita wa mtaa wakiandika barua kusema kuwa vishamba vinahitajika, halmashauri inalazimika kuwasikiliza. Hawahitajiki kuwa elfu sita, wala kuwa na mbunge au mfadhili.

Hadi hapo, ndugu msikilizaji, hakuna aliyezungumzia afya ya akili. Mazungumzo yalikuwa ya viazi na nidhamu. Lililokuwa likitokea ndani ya kichwa cha mkulima halikuandikwa katika ripoti yoyote. Lilikuja kuonekana vizuri mahali ambapo hakuna aliyetarajia, gerezani.

Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliwakamata wanaume wa Kiingereza waliokuwa nchini mwao, mabaharia, wafanyabiashara, wanafunzi na wapanda farasi wa mashindano, wakawaweka katika uwanja wa mbio za farasi wa Ruhleben, nje kidogo ya Berlin. Walikuwa zaidi ya 4,000, nao walilala katika mazizi ya farasi. Hawakuwa na kosa, hawakuwa na hukumu, na kwa hiyo hawakuwa na tarehe ya kutoka. Hilo la mwisho ndilo linalomla mtu, maana mfungwa mwenye miaka mitano huhesabu siku zake, lakini wale hawakuwa na cha kuhesabu.

Mwaka 1916 walianzisha chama cha bustani, wakakiandikisha katika Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani huko London, nacho kikawapelekea mbegu. Hebu fikiri: nchi mbili zinauana kwa mizinga, na mfuko wa mbegu za maua unavuka mpaka. Walianza na maua, wakafanya maonyesho ya kushindanisha maua yao, na baadaye wakapewa eneo ndani ya uwanja ule, wakalima mboga. Mboga ziliwasaidia tumboni, hilo ni wazi. Lakini mtu mwenye njaa anayeanza na maua anatuambia kuwa kuna njaa nyingine. Aliyesia mbegu mwezi wa tatu alikuwa sasa na tarehe ya kungojea. Tarehe ya kutoka gerezani ilikuwa mikononi mwa serikali mbili, bali ya kuchanua kwa ua lake ilikuwa baina yake na udongo.

Kisa cha namna hiyo tunacho hata katika bara letu. Nelson Mandela alipokuwa Robben Island aliomba ruhusa ya kulima kijisehemu kando ya ukuta, udongo wake mawe matupu, akapewa baada ya kuomba kwa miaka. Alipohamishiwa gereza la Pollsmoor mwaka 1982, mahali palipokuwa saruji tupu, aliomba mapipa 16 ya mafuta, yakakatwa nusu kwa nusu, akapata vyungu 32 juu ya paa. Alipanda vitunguu, biringanya, kabichi, karoti, nyanya na vingine vingi, akawa anafanya kazi pale asubuhi kwa saa mbili hivi, na mboga akazipeleka jikoni kwa ajili ya wafungwa na kuwapa hata askari. Katika kitabu cha maisha yake ameeleza habari za mche mmoja wa nyanya alioulea tangu mchanga ukazaa vizuri, kisha ukanyauka, asiweze kuuponya. Ulipokufa aliing'oa mizizi yake, akaiosha, akaizika pembeni mwa bustani. Mtu aliyenyimwa ruhusa ya kwenda kumzika mama yake, na baadaye mwanawe, aliuzika mche wa nyanya. Sina la kuongeza hapo.

Turudi Uingereza. Vita ya pili ilipoanza, serikali ilitangaza Oktoba 1939 kampeni ya kulima kwa ajili ya ushindi. Vishamba 815,000 vya mwaka ule vikawa milioni 1.4 ilipofika 1943. Handaki la ngome ya Tower of London, lililochimbwa kuzuia maadui, lilipandwa mboga. Huko Bethnal Green, mtaa wa maskini uliopigwa mabomu vibaya, wakazi walizoa vifusi vya nyumba zilizoanguka wakalima juu ya misingi yake. Vitunguu, ambavyo kabla ya vita vililetwa kwa meli kutoka Ufaransa, viliadimika hata kitunguu kimoja kikafanywa zawadi ya bahati nasibu.

Na hapa sisi watu wa redio tuna haki ya kujisifu kidogo. Aliyewafundisha Waingereza kulima alikuwa mtangazaji, bwana C. H. Middleton, ambaye kila Jumapili alasiri alizungumza BBC kwa sauti ya jirani anayeegemea ua. Inakadiriwa watu milioni tatu na nusu walimsikiliza. Kabla ya vita alizungumzia mawaridi. Vita ilipokuja alihamia kwenye vitunguu na kabichi, lakini hakuacha kuwaahidi wasikilizaji wake kuwa mawaridi yatarudi. Alifariki Septemba 1945, majuma machache baada ya vita kwisha.

Amani ilikuja na maduka makubwa, na vishamba vikaanza kufa. Majani yakaota, halmashauri zikauza viwanja. Tume ya Profesa Harry Thorpe ilipotoa ripoti mwaka 1969, ilipendekeza kuwa jina lenyewe libadilishwe, viitwe bustani za mapumziko, kwa sababu mlimaji hakuwa tena mtu mwenye njaa. Serikali ilipuuza karibu yote. Walakini profesa alikuwa ameliona jambo: kwa nini mtu mwenye mshahara, ambaye kabichi inauzwa dukani kwa pesa kidogo, ahangaike na matope katika mvua?

Jibu nililipata Birmingham, nilipokuwa masomoni kule. Mji ule una vishamba vingi kuliko halmashauri nyingine yoyote nchini humo. Katika mtaa wa Handsworth kuna eneo liitwalo Uplands lenye vishamba zaidi ya 400, na ukitembea pale unakuta mikono ya Jamaika, Punjab, Bangladesh na Ulaya Mashariki imetifua udongo mmoja. Mjamaika hupanda mboga aitayo kalalu. Niliipigia magoti, nikalivunja jani, nikanusa. Ilikuwa mchicha, ndugu msikilizaji, mchicha wetu kabisa, umesafiri hadi kwenye baridi ya Uingereza.

Mzee mmoja Mjamaika, mstaafu wa kiwanda cha magari, mkewe amefariki, alikuwa na rodi tano katika eneo jingine karibu na nilipopanga. Aliniita kijana, nami nikamwita mzee kwa Kiswahili, jina alilolipenda mno. Kwake ndiko nilikojifunza majira ya kule. Januari hakuna cha kufanya, udongo ni mgumu kama saruji, naye hukaa na vitabu vya bei za mbegu akipiga mistari kwa kalamu. Viazi huvipanda Ijumaa Kuu, desturi ambayo Waingereza wameifuata vizazi na vizazi ingawa tarehe yake inahamahama kila mwaka. Mei ni mwezi wa wasiwasi, jua linakudanganya mchana na usiku mmoja wa baridi kali unaua kila kitu, hivyo kalalu yake ilingoja mpaka mwisho wa mwezi. Julai jua halitui hadi saa tatu usiku, na mwezi huo na Agosti mavuno yanamshinda mtu, akiamka asubuhi anakuta jirani amemwekea matango mlangoni bila kuuliza. Septemba ni vitunguu vya kuanika na viazi vya kuhifadhi. Kisha giza. Desemba jua la Birmingham huzama kabla ya saa kumi jioni, na hapo ndipo watu wengi, wageni na wenyeji, hushikwa na huzuni nzito wasiyoielewa.

Nilimuuliza kwa nini huja hata Desemba. Alinionyesha mboga ya mzizi, jamaa ya karoti lakini nyeupe, iliyobaki ardhini. Akasema hiyo haifai kuchimbwa kabla ya baridi kali kuipiga, kwa sababu baridi ndiyo inayoipa utamu. Kisha akaniambia kwamba mkewe alipokufa daktari alimpa vidonge na binti yake akampa televisheni mpya, navyo vilimsaidia, hakatai, lakini vyote viwili vilimwacha amekaa kwenye kiti kile kile. Kishamba kilimtaka atoke.

Wataalamu sasa wamepima jambo hili. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya jaribio walilofanya Amsterdam. Waliwachukua walimaji 30 wa vishamba kama hivi, wakawapa kwanza kazi ya kuwachosha akili, halafu wengine wakawapeleka kulima nje kwa nusu saa na wengine wakawakalisha ndani wakisoma. Homoni ya kotisoli, ile inayopanda mtu akiwa na msongo wa mawazo, ilishuka kwa wote, lakini kwa waliolima ilishuka zaidi. Tena waliolima walirudiwa na furaha yao kamili, na waliosoma wakazidi kununa. Ni habari mbaya kwa gazeti litakalochapa mazungumzo haya. Huko Denver, Marekani, watu 291 waligawanywa kwa kura kati ya 2017 na 2019, wengine wakapewa vipande katika bustani za jumuiya na wengine wakaambiwa wangoje. Matokeo yalitolewa 2023: waliolima walikula nyuzinyuzi zaidi, na msongo wao wa mawazo na wasiwasi ulipungua. Sidai kuwa jembe linaponya sonona. Mgonjwa aende hospitali. Ninasema tu kwamba nusu saa ya udongo si upuuzi.

Kwetu je? Sisi tuna ugumu wetu wa pekee. Jembe tumelipokea kama amri. Mwaka 1972 lilitoka azimio la Iringa la Siasa ni Kilimo, mwaka 1974 ikaja Kilimo cha Kufa na Kupona, na mwaka 1983 Nguvu Kazi, ambapo mtu asiye na kazi mjini aliweza kuokotwa barabarani na kupelekwa shamba. Ukiongeza kuwa shuleni mtoto aliyechelewa aliadhibiwa kwa kupewa eneo la kulima, utaelewa kwa nini mtu wa mjini akiambiwa apumzishe akili yake kwa jembe anadhani anatishwa. Nia za kampeni zile sizilaumu zote, kwa maana njaa ya 1974 ilikuwa njaa kweli. Lakini zilituachia alama.

Hata hivyo, miaka ya 1980 hali ilipokuwa ngumu, mshahara ukiisha kabla ya tarehe kumi, watumishi wa Dar es Salaam walijaza nyua zao kuku na matuta bila kuamriwa na mtu. Bonde la Msimbazi likawa la kijani kwa mchicha na matembele. Walimaji hao wa mabondeni wamelisha mji huu kwa miaka mingi, lakini wanalima wakiwa wameangalia nyuma, maana hawana hati, na maji ya mto ule yamechafuka hata wataalamu waliopima mboga zake wamekuta madini mazito ndani yake. Wakati huo huo nyua zenyewe zinakwisha. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na mtu anayeishi ghorofa ya nne ana udongo wa kutosha chungu kimoja.

Ndipo nasema mabwana na mabibi mipango miji wakitazama ramani zao, pamoja na kiwanja cha mpira, soko na nyumba za ibada, waache na eneo moja lililopimwa vipande vipande, lenye bomba la maji safi na kodi ambayo mlinzi wa usiku anaweza kuilipa, na lenye mkataba wa maandishi ili mtu asilime ameangalia nyuma. Vipande vya mita kumi kwa tano vingetosha kwa kuanzia. Jua letu halitui saa kumi, na hatuna Desemba ya giza. Tuna masika yanayofurika, kiangazi kinachodai maji asubuhi na jioni, vuli isiyoaminika, na katikati yake tuna kipupwe, tangu Juni hadi Agosti, ambapo mboga zinastawi na mwenye kulima hatoki jasho sana.

Kwa asiyeweza kungoja ramani, hiki ndicho kipindi cha kuanza. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, jaza katika ndoo mbovu iliyotobolewa chini, nyunyiza mbegu za mchicha kwa kubana vidole kama mtu anayetia chumvi, zifunike kidogo tu, umwagilie kwa mkono. Siku ya nne au ya tano utaona vichwa vyekundu vimetokeza. Baada ya wiki tatu au nne utakula.